Robota la sileji likishavishwa plastiki, libebwe kwa mkuki, kwa mabomba au kwa mikono ya kubana?

"Mwangaluka mtaalamu. Nafuga ng'ombe wa maziwa Uyui, Tabora. Wanaokamuliwa ni 22. Nina trekta ya farasi 75, inavuta kwa magurudumu yote manne, haina loda ya mbele, ile mikono ya kunyanyulia mizigo. Nyuma ina matundu mawili ya haidroliki. Msimu uliopita nilikodi mashine ya kufunga marobota ya duara pamoja na ile ya kuyavisha plastiki, nikapata marobota 120 ya mita 1.2 kwa 1.2, ya majani ya Rhodes na mtama. Shamba liko kilomita 2 kutoka bandani. Yakiwa tayari yamevishwa niliyasomba kwa mkuki wa nyuma, na kila tundu nikaliziba kwa tepu. Kufikia Agosti, kila nikifungua matatu, moja lina ukungu, na mengine yanatoa joto. Sasa muuzaji wa Dar es Salaam ananishauri ninunue loda ya mbele na mikono ya kubana. Fundi wangu wa kuchomelea anasema atanitengenezea uma wa mabomba mawili kwa gharama ndogo. Jirani anasema mkuki hauna kosa, tepu ndiyo mbovu. Nimsikilize nani?"

Pole sana kwa hasara hiyo. Robota moja kati ya matatu ni chakula cha wiki nyingi za kiangazi, na kimepotea baada ya kulimwa, kukatwa, kufungwa na kulipiwa plastiki. Unauliza zana ipi ununue. Nitakujibu kwanza, kisha nikueleze sababu: fundi wako ndiye aliye karibu zaidi na jibu, ila uma wake uzingatie vipimo nitakavyokupa hapa chini. Loda isubiri. Mkuki usiutupe wala usiuuze, kwa sababu una kazi yake halali. Ulichokosea ni wakati wa kuutumia.

Tuanze na jirani yako na tepu yake, maana wafugaji wengi wanaamini hivyo. Sileji, yaani majani ya mifugo yaliyochachushwa ili yasioze, huiva kwa kukosa hewa. Majani yakifungwa na kuvishwa plastiki, hewa kidogo iliyobaki ndani hutumika na kuisha, kisha bakteria wa asidi ya laktiki hula sukari ya majani na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayohifadhi chakula. Kwenye robota lililonyaushwa vizuri, pH hukaa kati ya 4.3 na 5. Hiyo si asidi kali kama ya sileji ya mahindi ya shimoni, kwa hiyo sileji ya robota hutegemea zaidi kukosa hewa kuliko kuwa chachu. Hewa ikiingia, hamira na ukungu huamka, hula sukari na asidi iliyobaki, na kazi yao hiyo ndiyo inayotoa joto unalolisikia mkononi.

Sasa fikiria mkuki unafanya nini. Kwa nje unaona tundu la upana wa vidole vitatu, lakini ndani umechimba mfereji wa mita nzima hadi moyoni mwa robota, na hewa imeingia nao. Tepu hufunga mlango tu; hewa iliyokwisha kuingia inabaki humo. Zaidi ya hapo, plastiki hutobolewa ikiwa na vumbi la shambani na jua limeipasha moto. Tepu ikibandikwa juu ya vumbi, mchana itaonekana imeshika, na plastiki ikipoa na kusinyaa usiku, kingo zake zitaachia. Kwa Tabora hali ni mbaya zaidi, hasa Juni na Julai, jua likiwa kali mchana na baridi ikiwa kali usiku. Mchana gesi ndani ya robota hupanuka na kutoka kwenye upenyo wowote. Usiku hupoa na kujikusanya, na robota linavuta hewa ya nje kupitia upenyo uleule. Linapumua kila siku. Ndiyo maana tundu la Mei huwa robota bovu la Agosti, hata kama ulilisahau.

Tepu nzuri ina nafasi yake kwa mchaniko mdogo wa juu juu. Tumia tepu maalumu ya plastiki ya sileji inayostahimili jua. Futa vumbi kwa kitambaa, hakikisha pamekauka, bandika asubuhi na mapema plastiki ikiwa bado baridi, na upitilize kingo za mchaniko kwa sentimita 10 kila upande. Tundu la mkuki halitibiki hivyo. Robota lililochomwa liliwe ndani ya siku mbili, basi.

Kabla ya kuchagua zana, jua uzito unaoubeba. Robota la mita 1.2 kwa 1.2 lina ujazo wa mita za ujazo 1.36 hivi. Likifungwa kwa ukazo wa wastani hubeba kama kilo 230 za chakula kikavu. Kilichobaki ni maji. Kama majani yalinyaushwa vizuri hadi ukavu wa asilimia 45, robota hilo litakuwa na kilo 510 hivi. Kama yalifungwa mabichi kwa ukavu wa asilimia 30, ni kilo 770. Umbo ni lile lile, mashine ile ile, lakini tofauti ni kilo 260. Mtama wenye mashina manene unyaushwe na upondwe kwa kikatio kabla ya kufungwa, si kwa sababu ya uzito tu: shina lililokatwa mshazari lina ncha, na hutoboa plastiki kutoka ndani bila mkuki wowote kuhusika. Ukitaka uzito wa kweli badala ya makisio, pakia marobota manne kwenye tela, pitia kwenye mzani wa magari, kisha upime tela likiwa tupu.

Kilichoamua hasara yako ni safari ya robota, na ndiyo itakayoamua zana. Wewe ulivisha plastiki kwanza, ukabeba baadaye, mara 120, kilomita 2. Geuza mpangilio. Robota lililofungwa kwa neti tu, likiwa halijavishwa, linaweza kuchomwa na mkuki bila madhara, kwa sababu hakuna cha kutoboa na hewa bado imo ndani. Siku utakayolifungulia ng'ombe, unaweza pia kulichoma, kwa sababu ng'ombe 22 wakila kilo 5 za chakula kikavu kila mmoja watalimaliza kwa siku mbili. Kinachohitaji zana laini ni kipande cha katikati tu: kutoka mashine ya kuvisha hadi mahali robota litakapolala kwa miezi. Kipande hicho kikifupishwa kuwa hatua ishirini, hata zana rahisi inakitosha.

Una njia mbili za kukifupisha. Ya kwanza ni kusomba marobota yenye neti hadi bandani na kuyavisha huko. Lakini piga hesabu. Ukibeba moja moja nyuma ya trekta, ni kilomita 4 kwenda na kurudi, mara 120, yaani kilomita 480. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa ni saa 48 za dizeli, na robota likishafungwa linatakiwa livishwe ndani ya saa mbili hadi nne, kwa joto letu, la sivyo linaanza kuchemka likiwa wazi. Utahitaji tela na trekta ya pili. Na hapo kuna jambo ambalo muuzaji hakukwambia, au hakuulizwa: mikono ya nyuma ya trekta hainyanyui robota hadi juu ya tela la kawaida. Ikipanda hadi mwisho, kitako cha robota lililo kwenye mkuki hufika sentimita 60 hivi kutoka ardhini, na sakafu ya tela iko mita moja au zaidi. Ungelazimika kuchimba mtaro wa magurudumu ya tela au kurudisha tela kwenye tuta.

Njia ya pili ndiyo ningeipa uzito kwako. Chagua sehemu ya kuhifadhi pembeni mwa shamba lenyewe, mashine ya kuvisha isimame hapo hapo, marobota yaletwe kwa mkuki yakiwa na neti, yavishwe, yapangwe. Kisha kiangazi unachukua robota moja kila baada ya siku mbili na kulipeleka bandani. Kilomita 4 kila baada ya siku mbili hazichoshi trekta wala dereva. Masharti yake ni mawili, na ni mazito: pawe na uzio na mtu wa kuangalia, kwa sababu ng'ombe wa wapitaji, ngedere na mbwa watararua plastiki kabla hujajua, na pawe na njia ya kuzuia moto, kwa sababu kuanzia Juni hadi Oktoba mioto ya porini hupita ovyo kwenye miombo. Lima ukanda wa mita 5 au zaidi kuzunguka eneo lote, usiachwe na jani. Kama huwezi kuhakikisha hayo mawili, rudi kwenye njia ya kwanza na utafute trekta ya pili ya kukodi kwa siku mbili.

Sasa zana zenyewe. Ninazoona zinakuhusu ni tatu.

Mabomba mawili ya kupitisha chini ya robota, ambayo fundi wako anayaita uma, ndiyo zana rahisi kuliko zote. Unarudi nyuma polepole, mabomba yanateleza chini ya robota kulia na kushoto, unanyanyua, robota linakaa kati yake kama mtoto kwenye mbeleko. Hayana haidroliki, hayana jeki wala mpira wa mafuta wa kupasuka. Kwa mtu aliye Uyui, ambaye kipuri kinasafirishwa kutoka Dar es Salaam, hilo ni jambo la kulitazama kwa makini. Udhaifu wake: robota hubebwa na kuwekwa likiwa limelala kwa ubavu wa duara, na huwezi kupanga moja juu ya jingine. Ubavu wa bapa ndio wenye plastiki nene zaidi, kwa sababu kila mzunguko wa mashine hupita hapo. Ubavu wa duara una tabaka zile ulizolipia tu. Kwa hiyo ukichagua mabomba, mwambie mwenye mashine akuvishe tabaka sita, si nne. Plastiki hiyo ina unene wa milimita 0.025 kabla ya kuvutwa, na tabaka zote sita kwa pamoja hazifiki milimita 0.15. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini namsisitizia fundi vitu vidogo.

Mikono ya kubana, ikifungwa nyuma ya trekta bila loda, hushika robota ubavuni kutoka pande mbili kwa nguvu ya haidroliki. Inaweza kulishika likiwa limesimama kwa bapa na kuliweka hivyo hivyo, ambavyo ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa imetengenezwa vizuri ni zana bora kuliko mabomba. Kasoro yake ni bei, uzito wake wa kilo 200 au zaidi, na tabia ya kuadhibu dereva asiye makini: ukibana kidogo mno robota linateleza na tabaka za plastiki zinavutana na kuachana gundi, ukibana mno, robota linakuwa kama yai, plastiki inanyooka upande mmoja na kulegea mwingine. Trekta yako ina matundu mawili, na kama ni jozi ya njia mbili, yaani mafuta yanakwenda na kurudi, itaiendesha. Hakikisha kwa kuunganisha jeki yoyote ya njia mbili: ikifunguka na kufunga kwa nguvu ya mafuta pande zote mbili, ni sawa. Na mikono hiyo iwe na vali ya kuzuia mafuta yasirudi, la sivyo itaachia taratibu ukiwa njiani. Inunue siku utakapoanza kuuzia wafugaji wenzako marobota yaliyovishwa, kwa sababu hapo hutakuwa na namna ya kukwepa kuyabeba mara tatu au nne kila moja.

Loda ya mbele yenye mikono ya kubana ndiyo inayopakia tela na kupanga mawili kwenda juu, na muuzaji hadanganyi akisema inafanya kazi haraka. Lakini kwa marobota 120 kwa mwaka ni fedha nyingi kwa kazi ya siku chache. Halafu kuna hatari ambayo huwa haisemwi dukani. Robota likinyanyuliwa juu na loda isiyo na kizuizi cha nyuma, linaweza kubingirika juu ya mikono ya loda na kumwangukia dereva. Kilo 600 kutoka juu ya kichwa haziachi mtu. Trekta isiyo na fremu imara ya kumkinga dereva isinyanyue robota juu ya usawa wa boneti kwa loda, kwa sababu yoyote ile. Tena uzito wote wa mbele huangukia ekseli ya mbele na beringi zake, na lazima nyuma kuwe na uzito wa kusawazisha.

Uma wa mizigo wa kawaida, ule wa vyuma bapa vya kubebea mbao, usikubali hata ukipewa bure. Kingo zake zitachana plastiki kama kisu.

Basi ninachokushauri ni fremu moja ya nyuma yenye kazi mbili: upande mmoja wa msimu inavaa mkuki, upande mwingine inavaa mabomba, kwa kubadilisha pini nne. Haya mpelekee fundi wako kama yalivyo.

Fremu ifuate kipimo cha mikono ya trekta ya farasi 75, ambayo kwa kawaida ni daraja la pili: pini za chini milimita 28, pini ya toplinki, yaani mkono wa juu wa katikati, milimita 25, nafasi kati ya mabega ya pini za chini milimita 825, na urefu kutoka pini za chini hadi ya toplinki milimita 610. Apime kwenye trekta yako mwenyewe kabla ya kukata chuma, kwa sababu trekta ndogo huja na pini za milimita 22 na nafasi ya milimita 683, na kuna trekta zilizokwisha badilishwa mikono.

Mabomba yawe ya inchi 4, yenye unene wa ukuta wa milimita 5 hadi 6, na urefu wa mita 1.2 nje ya fremu. Hapa ndipo mafundi wengi hubana matumizi. Bomba la inchi 3 lenye ukuta wa milimita 4 linabeba robota vizuri likiwa limesimama, na siku ya kwanza linakushawishi kwamba linatosha. Trekta ikidunda kwenye kisiki, mzigo unakuwa kama mara tatu kwa kitambo kidogo, na bomba hilo linapinda karibu na fremu. La inchi 4 lina zaidi ya mara mbili ya nguvu ya kustahimili kupinda, kwa ongezeko dogo la bei.

Nafasi kati ya mabomba, katikati hadi katikati, iwe sentimita 85 hadi 90. Ikiwa chini ya 75, mabomba yakiwa ardhini hayapiti chini ya duara. Yanagonga robota ubavuni na kulisukuma, na ndipo plastiki inapochanika. Ikiwa sentimita 110, robota linazama kati ya mabomba na kukabwa: kila bomba linasukuma ubavu kwa nguvu inayokaribia uzito wa robota zima, badala ya theluthi mbili hivi. Marobota mabichi hulegea na kutanuka chini, kwa hiyo fundi atoboe matundu ya kuhamishia bomba la kila upande, ili uweze kupanua hadi 95 inapobidi.

Kama uwezo upo, bomba lizunguke. Aweke mhimili wa chuma kizito ndani, na bomba la nje lizunguke juu ya bushi zenye griisi. Robota linapokaa chini wakati wa kunyanyuliwa, bomba linazunguka nalo badala ya kusugua plastiki. Bila hilo zana bado inafanya kazi, ila upake bomba rangi laini na usiliache lishike kutu.

Ncha za mbele zifungwe kwa kofia ya mviringo, kama tako la chupa, si kwa bati bapa lililochomelewa ukingoni. Kila mshono wa kuchomelea unaogusana na robota usagwe kwa grainda, kisha upigwe msasa. Matone madogo ya chuma yanayoruka wakati wa kuchomelea yasiachwe hata moja. Na nyuma ya mabomba, kwenye fremu, kuwe na ukuta wa bomba mlalo au bati lililokunjwa kingo, ili robota likirudi nyuma liegemee kitu laini badala ya kona ya chuma.

Mkuki wa katikati uwe wa chuma kilichofuliwa kwa kazi hiyo, wa sentimita 110 hivi, na wenzake wawili wafupi pembeni wa kuzuia robota lisizunguke. Usikubali nondo ya ujenzi iliyonolewa. Itapinda, au itakatika kwenye mshono.

Sasa usalama wa trekta yenyewe, maana mzigo wa nyuma huinua pua. Kanuni ni kwamba magurudumu ya mbele yabakiwe na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu. Chini ya hapo usukani unaanza kuelea. Chukua mfano wa trekta ya kilo 2,800, ambayo kilo 1,100 zake ziko mbele, na urefu kati ya ekseli ni mita 2.2. Robota la kilo 700 pamoja na fremu ya kilo 150 ni kilo 850, na kitovu chake kiko mita 1.6 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 850 kwa 1.6, gawanya kwa 2.2: unaondoa kilo 618 mbele. Zinabaki 482, na zinazohitajika ni 560. Vyuma vitatu vya kilo 28 vikitundikwa puani, mita 0.8 mbele ya ekseli, vinarudisha kilo 114 na unafika 596. Robota bichi la kilo 800 litahitaji vinne hadi vitano. Weka namba za trekta yako kutoka kwenye kitabu chake, fanya hesabu hiyo hiyo. Hapo hapo angalia uwezo wa kunyanyua wa haidroliki: baadhi ya vitabu huandika uzito kwenye ncha za mikono yenyewe, na uwezo hupungua kadiri mzigo unavyokaa nyuma zaidi ya ncha.

Kwenye kazi, rudi nyuma ukiwa umenyooka na robota, mabomba yakiwa yamegusa ardhi. Usikate kona mabomba yakiwa chini ya robota. Nyanyua sentimita 20 hadi 30 tu, kaza minyororo ya pembeni ya mikono ili mzigo usiyumbe, na uende kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Ukiweka chini, shusha hadi robota likae lenyewe, kisha chomoka ukiwa umenyooka vile vile. Asisimame mtu nyuma ya trekta kuelekeza kwa mkono akiwa karibu na robota. Asimame pembeni anapoonekana na dereva. Yapange siku ile ile yalipovishwa. Ukishindwa, yaache hadi wiki sita zipite, kwa sababu katikati ya hapo robota linajaa gesi na kulegea, na ukiligusa tabaka za plastiki zinaachana.

Sehemu ya kuhifadhi iwe tambarare, iliyoinuka, isiyo chini ya mti. Kichanga chetu ni kitanda kizuri kwa plastiki, lakini shamba lililofyekwa miombo limejaa mizizi na visiki vilivyokatwa usawa wa ardhi. Mpe mtu siku nzima apite na jembe, ang'oe, aokote miiba, na akae mbali na vichuguu. Plastiki nyeupe haipati joto jingi kama nyeusi. Kagua kila wiki.

Kuhusu marobota yaliyobaki ya msimu uliopita: yenye ukungu usiwape ng'ombe wanaokamuliwa wala wenye mimba. Ukungu unaweza kuleta sumukuvu inayopita hadi kwenye maziwa, na sileji iliyoharibika hubeba vijidudu vinavyoweza kusababisha mimba kutoka. Usidhani kuondoa sehemu ya kijani inayoonekana kunatosha pale ambapo mkuki ulipeleka hewa hadi moyoni. Ng'ombe akiacha kula ghafla, akiyumba, au akitupa mimba, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo na umwonyeshe robota alilokuwa analila. Neti na plastiki zitolewe zote kabla ya kulisha. Zikimezwa hukaa tumboni.

Mambo mawili mengine yanahitaji mtu afike kwa macho yake. Kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea, mwombe ofisa zana za kilimo wa halmashauri yako aje aone trekta na mchoro wa fremu, au peleka mchoro kwa walimu wa uchomeleaji wa chuo cha ufundi, VETA Tabora, wakague mishono ya kubeba mzigo. Na kama siku moja utanunua mikono ya kubana, mpira wa mafuta ukitoboka usipapase kwa mkono kutafuta tundu. Mafuta ya shinikizo hupenya ngozi kwa kijitundu kidogo kisichouma mwanzoni, na mtu huyo anatakiwa hospitali saa ile ile, si kesho.

Siku fundi atakapokukabidhi mabomba, kabla hujalipa salio, chukua soksi ya nailoni, ivae mkononi, uipitishe taratibu kwenye kila bomba kuanzia nchani hadi kwenye fremu, na chini yake pia. Itakaponasa hata uzi mmoja, weka alama ya chaki, umrudishie grainda.